Karibuni Kwangu

Watu wakisema kwamba ugomvi wa nyumba huanza mzee akifa bila kuandika, mimi hunyamaza, maana nikifungua mdomo nitawaharibia mazungumzo. Baba yangu aliandika. Alikwenda kwa wakili kwa miguu yake, akili timamu, kanzu nimeipiga pasi mimi mwenyewe, akatia saini mbele ya mashahidi. Kila kitu kilifuata utaratibu. Hata leo sijaona watu walioondolewa kwenye nyumba yao kwa utaratibu mzuri kama ule.

Nyumba ilikuwa Mtendeni, mjini Tabora. Ilikuwa ya udongo mnene, duka mbele, vyumba vya kulala katikati, na uani vyumba vingine viwili, jiko na kisima. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao nzito iliyochongwa maua. Uliletwa kutoka pwani vipande vipande kwa njia ya misafara, enzi za babu yake baba, mfanyabiashara mwenye asili ya Oman. Mama alikuwa Mnyamwezi wa Lusu, kule Nzega, na babu yake yeye alikuwa mpagazi wa njia hiyo hiyo. Alipenda kututania kwamba mlango ule mzee wetu mmoja aliununua na mwingine akaubeba kichwani, kwa hiyo asitokee mtu wa kujidai nao. Baba alicheka kila alipousikia utani huo, kana kwamba ni mpya.

Baba alimpata mama huko huko Lusu, alikokuwa na duka dogo la chumvi, kanga na majembe. Duka hilo lilikufa miaka ya Ujamaa. Watu walihamishiwa kwenye kijiji kipya, kijiji kikafungua duka lake, na baba akabaki ameketi nyuma ya meza anaangalia njia isiyopita mtu. Akafunga, akarudi Tabora na mizani yake na majembe yaliyokosa mnunuzi. Miaka hiyo hiyo zikaja habari za majengo ya kupangisha kutaifishwa. Yetu haikuwa ya kupangisha, tena ilikuwa ndogo, lakini baba hakulala vizuri tena. Tangu hapo kila alichosema kiliishia kwenye nyumba.

Tulikuwa wawili tu, kaka yangu na mimi. Kaka alikuwa na cheo kwenye ushirika, anavaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na kila mtu anamwita ndugu: ndugu kinyozi, ndugu muuza mkaa, ndugu karani. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na kurudi nyumbani, kwa sababu miguu ya baba ilikuwa inavimba na duka lilihitaji mtu. Nilifungua duka asubuhi, nikalifunga jioni, na baada ya magharibi nilimkanda baba miguu kwa mafuta ya nazi. Hapo ndipo aliponiahidi.

"Uani ni kwako na mama yako," alisema, macho ameyafumba. "Mbele achukue kaka yako. Nitaliweka hilo kwa wakili, asije mtu akawasumbua."

Hakulisema mara moja. Alilisema mpaka nikaanza kuwaza pazia la rangi gani nitaweka.

Wakili mwenyewe alikuwa kijana wa familia ya wakulima Wakatoliki, msomi, mpole, ofisi yake karibu na mahakama. Tulikwenda watatu, baba, kaka na mimi. Mama alibaki dukani. Njia nzima baba aliegemea bega langu, na tulipokaribia akaniminya mkono akasema, "Leo mambo yenu yanakwisha." Nilimwamini kama unavyoamini kwamba kesho kutakucha.

"Shikamoo mzee," wakili alisema, akasimama.

"Marahaba, bwana wakili. Nimekuja unipangie nyumba yangu kabla Mungu hajanipangia mimi."

Wakili akatueleza polepole. Baba akifa hivi hivi, nyumba itagawanywa kwa mafungu ya dini: mama apate thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki kaka achukue mafungu mawili, mimi moja. Wasia hauruhusu mrithi kuongezewa zaidi ya fungu lake. Lakini mtu akitaka kugawa apendavyo, atoe angali hai. Hiyo inaitwa hiba.

"Nisichotaka ni nyumba kukatwakatwa, ikauzwa watu wagawane," baba alisema.

"Haitauzwa. Tunaandika hiba mbili. Duka na sehemu ya mbele ni vya kijana. Uani ni kwa binti. Na tunaandika kwamba mama atakaa humo mpaka mwisho wa maisha yake, asifukuzwe na yeyote." Akachukua kalamu.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya baba yenyewe, yale ya wakati wa kukandwa miguu. Nilijiona nimeshaweka pazia.

Ndipo kaka akasema, kwa sauti ya chini, anaangalia viatu vyake, "Sawa tu, baba. Kama unaona mimi ni mtu wa kuandikiwa kwamba nisimfukuze mama yangu, basi niandikiwe."

Hakusema zaidi ya hapo. Nilimwona baba anabadilika uso. Kwa watu wa aina ya baba, unaweza kumgombeza mwanao, unaweza hata kumpiga, lakini humwekei shaka mbele ya mtu wa nje. Na wakili, kwa upole wake wote, alikuwa mtu wa nje.

"Mwanangu nimfunge kwa masharti kama mpangaji?" baba alisema. "Tena karatasini?"

"Mzee, masharti si matusi. Ni kinga tu, hata kwa kijana mwenyewe."

"Kwenu labda. Andika nyumba yote ni yake, na duka na vilivyomo. Mama yake atatunzwa naye, ni mama yake."

Wakili alikaa na kalamu yake hewani. Nakumbuka aliniangalia mimi, si baba. "Na binti?"

Baba alijibu bila kugeuka. "Huyu ataolewa."

Huyu. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba kanzu yake ilikuwa inagusa mkono wangu, na mafuta ya nazi ya jana yalikuwa bado yananukia. Nilihisi kama nimezabwa kibao mbele ya watu. Nikasema, "Baba, uani?" Naye akanipapasa goti kama anavyotulizwa mtoto dukani. "Nyamaza, mama. Kaka yako yupo."

Mama ndilo jina aliloniita tangu utotoni, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Siku ile nililichukia.

Ilibaki kazi moja. Wakili alisema hiba haitimii kwa saini peke yake. Lazima kuwe na kutoa, kupokea na kukabidhi, na kwa nyumba ambayo mtoaji anaishi humo, kukabidhi maana yake ni kwamba atoke kabisa, yeye na watu wake na vitu vyao. Mpokeaji aingie, ashike nyumba, awe mwenyewe. Baadaye akipenda, amkaribishe mtoaji arudi. Bila hivyo mtu anaweza kuja kusema ilikuwa maneno matupu. Baba alilipenda jambo hilo, akaliona kama mchezo wa harusi.

Basi alasiri moja baada ya swala tukatoka. Tulitoa magodoro, mikeka, sanduku la mama, kanzu za baba na hata kopo la mafuta ya nazi, tukavipanga barabarani. Majirani wakaja kutazama. "Mnahamia Maskati?" mmoja akatuuliza, na baba akajibu kwamba anahamia Mtendeni, nyumba ile pale. Mashahidi walikuwa fundi cherehani wa jirani na balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuja amevaa kofia ya chama kwa heshima ya shughuli. Wakili alisimama kando ameshika mkoba.

Mama alikuwa wa mwisho kutoka, na alitoka ananung'unika. Alikuwa ameinjika maharage uani, na hakuna aliyemwambia kwamba shughuli itachukua muda.

Baba akafunga mlango kwa ufunguo wake mrefu kama upawa, akampa kaka. "Nimekupa nyumba hii hiba, na duka na vilivyomo, nami ni hai na nina akili zangu."

"Nimepokea, baba," kaka alisema. Akafungua, akaingia, akafunga nyuma yake. Tukasikia komeo.

Tulisimama juani na magodoro yetu. Watu waliongea, wakacheka, kisha maneno yakaanza kuwaishia. Sijui kaka alikuwa anafanya nini mle ndani. Labda alikuwa anapita chumba hadi chumba, labda alikaa tu. Baadaye harufu ikatufikia.

"Maharage yangu hayo," mama alisema, akaenda mlangoni.

Wakili akamzuia kwa adabu. "Subiri, mama. Mpaka mkaribishwe."

"Nikaribishwe kwenye chungu changu?"

Watu wakaangua kicheko, na baba akacheka mpaka akashikilia bega langu. Akajikohoza, akapaza sauti mbele ya mlango ambao babu yake aliununua. "Hodi!"

Mlango ukabaki umefungwa.

"Hodi wenyewe!"

Komeo likalia. Kaka akasimama katikati ya mlango, ufunguo mkononi, akatuangalia wote. "Karibuni," alisema. "Karibuni kwangu."

Angeweza kusema karibuni nyumbani, kama kila mtu anavyosema. Angeweza kusema karibuni akaishia hapo. Wakili alitikisa kichwa kukubali, maana ndilo neno alilolihitaji, na balozi akalirudia kwa sauti ya mkutanoni, "Amesema karibuni kwangu. Tumesikia wote." Watu wakapiga makofi. Baba ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Mama hakupiga, alipita chini ya mkono wa kaka, akakimbilia uani, na tukamsikia anakwangua chungu.

Tulikula maharage yale hivyo hivyo, yameungua. Kaka akatia utani kwamba hayo ndiyo maharage ya kwanza kuunguzwa kwake. Kwake tena! Neno lilikuwa limemkaa mdomoni vizuri, kama mtu aliyelifanyia mazoezi.

Mwanzoni baba naye aliendeleza mchezo. Akirudi msikitini alisimama barazani akaita, "Hodi kwa mwenye nyumba!" na kaka akajibu kutoka ndani, "Karibu, mzee!" Wageni wakafurahi. Kaka akaoa. Mkewe akahamia chumba cha baba, baba na mama wakahamia uani, mimi nikapangwa jikoni pamoja na magunia. Mchezo uliendelea, lakini jibu likaanza kuchelewa. Baba akitaka kupigilia msumari wa kutundika kanzu, alimuuliza kaka kwanza, na kaka hakusema, "Baba, unaniuliza nini?" Alifikiri kidogo, kisha akaruhusu.

Siku moja ya mvua nilikuwa dukani, nikamwona baba kupitia dirishani. Ametoka kuswali, miguu imevimba, kanzu imelowa chini. Mlango ulikuwa wazi. Alisema hodi. Hakuna aliyejibu, maana kaka alikuwa na watu wa ushirika ndani, wanaongea. Baba hakuingia. Alisimama pale barazani, mkono kwenye maua ya mlango, anasubiri. Nilitoka nikamshika nikamwingiza, naye akanikazia mkono kidogo, kama mtu anayeogopa kukutwa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kwa kiasi hicho hicho. Nilingoja aniambie neno juu ya uani. Aliniomba taulo.

Alifariki msimu wa maembe uliofuata. Mpaka mwisho mimi ndiye niliyemkanda miguu, na hakusema tena kwamba uani ni kwangu. Hakusema pia kwamba alikosea.

Tuliposoma hitima ya arobaini na wageni wakatawanyika, kaka akatuita sebuleni. Alikuwa na chai, alikuwa na sukari, kitu kilichokuwa adimu siku zile, akatumiminia mwenyewe. Alisema ameahidi kupangisha vyumba vya uani viwe ghala. Akasema mama amechoka, atapumzika vizuri Lusu kwa ndugu zake. Kwangu mimi alisema wachumba wapo, ni mimi tu ninayejivuta.

"Lusu gani?" mama aliuliza. "Kwetu pale pamebaki magofu. Watu wamehamishwa, shamba ni la kijiji. Nitalala wapi, kwenye michembe ya viazi iliyoanikwa?"

"Tutaongea na wenyeji wa kule, mama."

"Mwanangu, unanifukuza?"

"Simfukuzi mtu," kaka alisema kwa upole, na nadhani aliamini anachosema. "Tumekaa vizuri sana tangu siku ile nilipowakaribisha."

Mama aliweka kikombe chini. Kaka alikuwa anazungumza na mwanamke aliyemzaa katika chumba kile cha uani, anamwambia alimkaribisha. Nilimrushia maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliyasikiliza yote, kisha akaniambia, "Ndugu, tulia." Siku hizo kila mtu alikuwa ndugu yake, na sasa hata mimi.

Tukamwendea balozi. Alivua kofia, akasema anatuonea uchungu, lakini hawezi kusema hakusikia. "Mama, nilikuwepo. Mlikaribishwa, mkaingia." Tukaenda kwa wakili, mama na mimi, tukakaa kwenye viti vile vile.

"Ivunje," nilimwambia.

Alijishika paji la uso. "Dada yangu, kazi niliyopewa ilikuwa kuhakikisha haivunjiki. Mzee alitoka, akakabidhi, mashahidi wakasikia. Nilitaka mtoto wa mtu asije akapoteza nyumba kwa kosa dogo la utaratibu." Akamtazama mama. "Sikujua nailinda dhidi ya nani."

"Lakini sisi ni warithi," mama alisema.

"Ni warithi, mama, wa kile mzee alichokufa nacho."

"Alikufa na nini?"

Nilimjibu mimi. Alikufa na kanzu zake, mizani ya Lusu na majembe. Mama alikuwa na thumni ya majembe. Aliposikia hivyo akacheka kicheko kidogo kikavu, akajifunga kanga upya, akasema twende. Mlangoni wakili aliniambia, kama anayejitetea mbele ya mtu mkubwa kuliko mimi, "Siku ile nilikuwa na kalamu mkononi."

Nilijua. Nilikuwepo. Na hapo ndipo hasira yangu ilipokaa mpaka leo. Kaka alichukua alichopewa. Ni mwizi, lakini mwizi aliyefunguliwa mlango. Aliyenisaliti ni yule aliyeniahidi uani kila siku huku mikono yangu ikiwa kwenye miguu yake, halafu akaona aibu ya dakika moja mbele ya wakili ni nzito kuliko mama na mimi. Kumtilia shaka mwanawe ilikuwa aibu. Kunivunjia mimi ahadi haikuwa chochote. Namwombea dua kama inavyonipasa, na nikishamaliza bado nina kinyongo, na sijali nani ananisikia.

Tulitoka kwa mlango ule ule, mimi na sanduku la mama kichwani. Mzee mmoja aliununua, mwingine akaubeba, mimi ni damu ya wote wawili, na kaka alitushikia mlango ili sanduku lisikwaruze maua.

Nikapata kazi ya ualimu, maana walimu walitafutwa kila mahali, nikapanga chumba ng'ambo ya reli. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati, mama upande wa dirisha. Jioni ya kwanza alitoka kwenda bafuni, na aliporudi nikasikia sauti nje ya mlango.

"Hodi."

Nilidhani anatania. "Mama, ingia bwana."

Hakuingia. Nilipotazama, alikuwa amesimama kizingitini, ndoo mkononi, maji yanamchuruzika miguuni, macho kwenye sakafu.

Ikawa hivyo kila siku. Akitoka kuanika nguo, akitoka kumwaga maji, akirudi alisema hodi na akasubiri. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia mbele yake. Nilimweleza kwamba kodi ni yangu, ufunguo ni wangu, na mimi ni wake, basi chumba ni chake. Alinisikiliza, na kesho yake akasimama nje tena. Mwisho nikaona nimpe kile alichonyimwa, nikatafuta neno zuri kuliko yote niliyonayo. Aliposema hodi nikaenda mpaka mlangoni, nikamshika mikono yote miwili.

"Karibu, mama. Karibu kwako."

Aliitoa mikono yake polepole.

"Sema karibu tu," alisema. "Hayo ya kwako na kwangu nimeshayasikia."